Shabu Kwenye Rejeta

Harufu ya rejeta inayochemka huwa naijua kabla moshi haujaonekana. Ni harufu ya kutu iliyopikwa, mpira unaoanza kuungua na matope yaliyokaangwa, na kwangu mimi haiji peke yake hata siku moja: nyuma yake huja harufu ya maembe mabivu. Nikikuta lori limesimama kando ya barabara, boneti wazi, dereva akilipepea kwa kofia kama anampepea bibi harusi, mdomo wangu hujaa mate kwa ajili ya maembe na koo hukauka kwa ajili ya yale mengine. Wanaonijua hapa Garsen watashangaa kusikia kwamba lipo jambo la kunikausha koo. Mimi ni mtu wa maneno. Nikicheka, kuku wa jirani hutoka uani. Hata cheti changu cha sekondari, nilichokihenyea kwenye masomo ya jioni nikiwa mama wa watoto watatu na mkubwa kuliko mwalimu wa hesabu, nilikwenda kukipokea nikicheza, mwalimu mkuu akalazimika kucheza pia ili anikabidhi. Lakini jambo hilo moja lipo, nalo ni la msimu mmoja wa maembe nilipokuwa na miaka kumi.

Babu yangu alikuwa mkulima wa kando ya Mto Tana, mwenye migomba, mpunga na miembe, na mwenye pikapu. Pikapu ile ilikuwa na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya mkonge, kiti cha dereva kilikuwa gunia la pumba, na gari likiunguruma alfajiri, viboko wa kwetu walifunga mizigo wakahamia Kipini. Babu alilitunza kwa njia mbili tu, kulisemesha na kulipiga teke. Mafuta ya injini hakuyabadilisha, aliyaongeza; breki alizikanyaga mara nne kabla ya kona na mara ya tano aliomba. Aliyelisukuma kila asubuhi mpaka liwake alikuwa binti yake wa mwisho, Shangazi Eunike, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Babu alipokuwa mgonjwa aliwaita wanawe akagawa mashamba, kisha akasema, "Gari apewe Eunike. Ndiye aliyelisukuma." Watu walicheka ndani ya chumba cha mgonjwa, na Babu mwenyewe akacheka, lakini neno lake hakulirudisha.

Baba yangu alifanya kazi Mombasa, kwa hiyo mwenye sauti nyumbani baada ya mazishi akawa Baba Mkubwa, kifungua mimba wa Babu, mrefu, mwenye fimbo ya mkwaju ambayo sisi watoto tuliijua kuliko tulivyoijua Biblia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa kila kitu kiwe mahali pake, na mahali pa spana hapakuwa mkononi mwa dada yake.

"Eunike, gari si kinu," alimwambia.

"Nami sijasema nitalitwanga, kaka."

Basi wakaelewana mbele ya watu wa nyumbani. Shangazi apewe msimu ule mmoja, abebe maembe ya familia mpaka Garsen. Gari likivunjika kwa uzee wake, ndugu wote watasaidiana kulitengeneza na litabaki lake. Likivunjika kwa sababu mwenyewe hajui anachokifanya, litauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na asilalamike. Shangazi alikubali haraka mno, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadilisha mawazo. Mimi nilijua kwa nini. Siku moja sokoni alinishika mkono akanipeleka mpaka karibu na njia panda, mahali ambapo mabasi ya Lamu na ya Malindi yalikuwa yakipishana, akanionyesha kiwanja kitupu chenye mgunga mmoja na mbuzi watatu. "Hapa," akasema, "nitatundika tairi kuukuu, mtu akiliona ajue kuna gereji. Nawe utakuwa fundi wa pili." Hakukuwa na mwanamke hata mmoja aliyekuwa na gereji Garsen. Nadhani hapakuwa na mmoja kutoka kwetu mpaka Bangale, na hapo sitii chumvi.

Ufundi wake aliupata kwa kusimama. Miaka yote Babu alipolipeleka gari kwa mafundi, yeye ndiye aliyeambiwa "shika hapa" na "lete hicho," naye alishika, akaleta, akatazama. Sasa akaanza kazi, nami nikaanza naye. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na mweupe, tukavimwagia maji ya moto yenye magadi mpaka vikatoa povu kama sufuria ya uji, tukavikwangua kwa kisu, tukavipaka grisi. Plagi zilikuwa nyeusi tititi. Tulizisugua kwa brashi ya waya, na nafasi ya ncha zake Shangazi aliipima kwa kipande cha msumeno wa chuma, kikipita kwa kubana kidogo, basi, inatosha. Tangi la petroli lilitoa kutu ya kujaza kikombe. Kabureta aliifungua juu ya sinia la kuchambulia mchele ili kisipotee hata kijiskrubu kimoja, akavipuliza vitundu vyake kwa mdomo, akatema petroli, akapuliza tena. Na siku ya breki nilikalishwa kwenye gunia la pumba, miguu ikawa haifiki, nikawa nateleza mpaka chini kila ninapokanyaga, yeye akiwa amelala kwenye vumbi penye gurudumu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia... shikilia, wee mtoto! Haya, achia."

Hewa ilitoka kwenye kipaipu kwa viputo vidogo, ikafuata mafuta matupu. Tulirudia magurudumu yote manne mpaka mguu wangu wa kulia ukawa mrefu kuliko wa kushoto. Gari likaanza kusimama pale linapoambiwa lisimame, jambo ambalo halikuwahi kutokea enzi za Babu, na wanawake wa kijijini wakaja kulitazama likisimama.

Lililobaki lilikuwa maji. Rejeta ilivuja kidogo mahali ambapo Shangazi alipaziba kwa sabuni na kitambaa, na mshale wa joto ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo ilibidi rejeta iongezwe maji kila asubuhi bila kukosa. Sasa, asiyetujua aelewe kwamba maji ya Tana ni chai ya maziwa. Ukiyateka ukayanywa hivyo hivyo unatafuna. Nyumbani tuliyatia kwenye mtungi wa udongo, Mama akachukua kipande cha shabu, kile kijiwe cheupe kinachong'aa kama barafu, akakizungusha ndani ya maji mara chache, akafunika. Ukirudi baadaye unakuta tope lote limekwenda chini na maji ya juu yanaonyesha uso wako. Lakini kwa rejeta Shangazi hakutaka maji ya mto kabisa, yawe na tope yasiwe na tope. Alitaka maji ya mvua kutoka tangi la kanisa, yaliyowekwa kwenye jerikeni la buluu lisilotumiwa kwa kitu kingine. "Maji ya mto yakiingia humu," aliniambia, kidole chake chenye grisi kikigonga kifuniko cha rejeta, "mimi na wewe kwisha." Kazi hiyo akanipa mimi. Hakumpa mtu mwingine, alinipa mimi, nami kwa majuma mawili nililibeba jerikeni lile kama nimebeba sanduku la agano.

Kanisa lilikuwa mbali, na wenye ndoo walikuwa wengi kuliko maji. Kisha yakaanza mazoezi ya kwaya ya watoto, tukijiandaa kwa sikukuu ya mavuno, na aliyechelewa aliwekwa mstari wa nyuma. Mimi na sauti yangu hii mstari wa nyuma? Asubuhi moja nililitazama jerikeni, nikautazama mto uliokuwa hatua hamsini tu, nikafikiri. Ningeacha kufikiri huenda leo ningekuwa na kumbukumbu nyingine. Niliteka maji ya mto, nikayamimina kwenye rejeta, tope na yote, kisha nikachukua kipande cha shabu kwenye kopo la Mama nikakidondosha humo humo. Nilipochungulia baada ya kuvaa nguo za kwaya, maji kwenye mdomo wa rejeta yalikuwa safi kama kioo. Nilijiona mwanasayansi. Watu wazima wote walikuwa wakihangaika kuyatuliza maji kwenye mtungi kwanza, na hakuna aliyewaza kwamba yanaweza kujitulizia huko huko yanakotumika! Nikafanya vivyo hivyo kesho yake, na kesho kutwa, mpaka karibu mwisho wa msimu. Nilisimama mstari wa mbele.

Nilichosahau kilikuwa kile nilichokiona kila Jumamosi ya maisha yangu: Mama akiinamisha mtungi na kulikomba tope la chini kwa mkono. Rejeta haina anayeikomba. Kila asubuhi Shangazi alifungua kifuniko, akachungulia, akaona uso wake. "Maji safi," alisema. "Hongera, fundi wangu." Sikuona aibu hata kidogo. Nilipokea zile hongera zote kama haki yangu, na hizo ndizo zinazonisumbua zaidi kuliko shabu yenyewe.

Ilikuwa juma la mwisho la maembe. Tulikuwa tumekwisha peleka mizigo mingi bila tatizo na Baba Mkubwa, ambaye mwanzoni alikataa kupanda, sasa alikuwa akikaa mbele na kuwapungia watu mkono. Mimi nilibanwa katikati yao. Jua lilikuwa kali, gari limejaa mpaka springi zimekunja uso, na mbele yetu Waorma walikuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea mnadani, tukawa tunakwenda taratibu nyuma yao. Shangazi akanusa. Akanusa tena. "Kuna kitu," akasema, akatoa gari barabarani, lakini kabla hajazima, injini ilizima yenyewe kwa mgoto mmoja mzito, kama mtu aliyeangusha mchi. Moshi mweupe ukapanda. Hakuna aliyesema neno isipokuwa ng'ombe.

Tuliingia Garsen tukisukumwa. Vijana wa Kiorma walitusaidia bila hata kuombwa, wakiwa na fimbo zao mabegani, na kwa kuwa ng'ombe hawakutaka kuachwa nyuma, pikapu ya Babu iliingia mjini katikati ya kundi. Mzee mmoja penye duka la chai akauliza kwa sauti, "Hilo nalo linaenda mnadani? Lina miaka mingapi? Linazaa?" Mji mzima ulicheka. Kwa kawaida mimi ningecheka kuliko wote.

Fundi Salimu, aliyekuwa akimtengenezea Babu, alisubiri rejeta ipoe, akauchomoa mpira wa chini. Hakikutoka kitu. Akaingiza waya, akachokoa, na polepole likatoka tope laini, zito, la kijivu, likining'inia kama ulimi. Alilichukua kwa vidole viwili akalisugua. Kila mtu aliyekulia kando ya mto analijua tope lile kwa kuligusa tu.

"Bi Eunike," akasema, "hili si tope la barabarani. Hili ni tope la chini ya mtungi. Nani ametia shabu kwenye rejeta?"

Kulikuwa na watu wapatao kumi, nami nitakapozeeka zaidi watakuwa elfu. Baba Mkubwa alimgeukia Shangazi. Shangazi alinigeukia mimi, si kwa muda mrefu. Nilivitazama vidole vyangu vya miguu, nikavihesabu vyote, na nilipofika cha mwisho nilisikia sauti yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani itayasafisha."

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena. "Umelitilia gari maji ya wageni!" alisema Baba Mkubwa, naye alikuwa akicheka huku akionekana kutaka kulia, maana kwa majuma yale alikuwa ameanza kujivunia. "Si ungelitandikia na jamvi kabisa!" Fundi Salimu alieleza kwamba kichwa cha injini kimepinda kwa moto, kwamba kinaweza kunyooshwa, kwamba gari halijafa. Baba Mkubwa akasema hilo si swali. Swali lilikuwa lile walilokubaliana nyumbani, na dada yake amelijibu kwa mdomo wake.

Gari lilikokotwa mpaka nyumbani, na wanunuzi wa vyuma walikuja baada ya siku saba. Nataka nizitaje siku hizo kwa sababu zilikuwa saba, hazikuwa moja. Kila siku Baba Mkubwa alikuja kwetu kula, na kila siku aliuliza, "Eunike, kweli wewe? Wewe uliyenikataza hata kunawia maji ya lile jerikeni?" Alitaka kuambiwa vinginevyo. Hata mtoto wa miaka kumi aliliona hilo. Shangazi aliendelea kula bila kuinua macho, na mimi niliendelea kula nikiitazama fimbo ya mkwaju iliyoegemea ukuta, nikijiambia nitasema kesho. Siku ya saba lori lilikuja, wakaliburuta gari juu kwa minyororo. Shangazi alikwenda ndani akarudi na spana zake zote, ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, zikiwa zimefungwa kwenye kile kitambaa alichoziba nacho rejeta, akaziweka juu ya gunia la pumba. "Ziende nalo," akasema.

Kutoka hapo akaitwa Mama Shabu, kutoka kwetu mpaka Chewele. Na hapa nifike kwenye jambo ambalo cheti changu hakinisaidii kulieleza vizuri: aliyelieneza jina hilo kuliko wote ni mimi. Nilikuwa na kipaji cha kusimulia na hadithi ilikuwa tamu. Niliisimulia shuleni, niliisimulia kwenye harusi, niliisimulia darasa la jioni siku ya kujitambulisha, wanafunzi wenzangu watu wazima wakalalia madawati kwa kucheka. Kila mwaka kile kipande cha shabu kilikua. Kilianza saizi ya kidole gumba, kikawa kama yai, mwishowe nilikuwa nikisema Shangazi alilibeba jiwe zima kichwani. Tope nalo likawa na kambare ndani yake. Yote nilikuwa nikiyaongeza isipokuwa jina la mtu mmoja.

Shangazi Eunike sasa ni mzee, na ana kibanda cha chai Garsen, ng'ambo ya barabara kutoka kile kiwanja. Mgunga ulikatwa. Kiwanja kina gereji tatu na tairi kuukuu limetundikwa kwenye nguzo. Alilitundika mtu mwingine, aliyewaza kama yeye. Mafundi wa pale hunywa chai kwake, na nimeona kwa macho yangu gari likiwashwa ng'ambo naye akisema, bila kugeuka kutoka kwenye karai, "Hiyo inakosa plagi moja," na kijana akaweka kikombe chini akakimbia kwenda kumwambia mwenye gari habari hiyo kama ni yake. Barabara ni ya lami. Magari ni mengi kuliko mbuzi. Na mimi nina gari, si jipya, lakini rejeta yake inakunywa maji ya kijani yanayonunuliwa kwenye chupa, na simuni nina namba za mafundi sita.

Mwaka jana, mwaka mmoja baada ya kumzika Baba Mkubwa, niliegesha mbele ya kibanda chake nikaacha injini ikinguruma, maana nilijua nikiizima nitakaa tena na kuanza mzaha. Nikamwambia, "Shangazi, ile shabu niliitia mimi."

Alitoa mahamri kwenye mafuta, moja baada ya jingine, akayaweka kwenye chujio. "Najua. Nani mwingine alikuwa akitia maji?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema ni mimi, ili usichapwe siku ile. Siku ya pili ilikuwa yako. Na ya tatu." Akachukua hamri akaniwekea kwenye sahani. "Aliyetaka kusikia ni kaka. Sasa kaka tumemzika, unakuja kuniambia mimi. Mimi nilijua tangu hapo, mwanangu. Kula, litapoa."

Nilikula. Sijui nilichokula. Baada ya kitambo akainua kichwa kuelekea gari langu. "Na mkanda wa feni umelegea. Unalia." Nilisikiliza kwa masikio yote mawili, sikusikia kilio chochote. Nikazima, nikafungua boneti, nikasimama mbele ya vile vyuma, mimi niliyewahi kuwa fundi wa pili wa gereji ambayo haikujengwa, na mikono yangu haikukumbuka ianzie wapi. Kijana mmoja akaja kutoka ng'ambo, akaubonyeza mkanda kwa kidole, ukabonyea kweli. Akamgeukia Shangazi kwa heshima zote.

"Mama Shabu, hii ni spana ya kumi na mbili au ya kumi na tatu?"

"Kumi na tatu," alisema.

"Jina lake ni Eunike," nikamwambia yule kijana, na sauti yangu ilikuwa kubwa, watu wote pale kibandani walisikia. "Na shabu haikutiwa na yeye. Niliitia mimi."

Kijana alinitazama, akawatazama wenzake, kisha wote wakaangua kicheko, vikombe vikamwagika, mmoja akapiga meza akisema huyu mama hataisha visa. Wananijua. Shangazi alirudi kwenye karai lake, na kijana, akiwa bado anacheka, akainama kuukaza mkanda.